Tjilatjap: Bandari Iliyongojea Ndege

MSAFIRI atokaye Yogyakarta kwa gari la moshi kwenda upande wa magharibi wa kisiwa cha Java, kisha akashika njia ya reli iteremkayo kusini hadi baharini, hupita katika mashamba ya mpunga yasiyokwisha. Maji yametandazwa mashambani kama kioo, na minazi imesimama pembeni mwa vijiji, hata mtu wa pwani ya Kenya angeweza kudhani kuwa yu karibu na kwao, kama si ule mlima mkubwa utokezao upande wa kaskazini. Mlima huo ni Slamet, volkeno yenye kimo cha mita 3,432. Mwisho wa njia ya reli ni mji wa Cilacap.

Zamani, Waholanzi walipoitawala nchi hiyo, jina la mji liliandikwa Tjilatjap, na hivyo ndivyo lionekanavyo katika ramani na vitabu vya wakati wa vita. Tahajia ilibadilishwa mwaka wa 1972, lakini matamshi yamebaki yale yale, yaani Chilachap.

Mji wenyewe ni mji wa kazi. Kuna kiwanda kikubwa cha kusafishia mafuta, kuna magati ya meli za shehena, na kuna wavuvi wengi ambao ngalawa zao, zenye rangi nyekundu, samawati na manjano, hupangwa mchangani kwenye ufuo uitwao Teluk Penyu, yaani Ghuba ya Kasa. Karibu na ufuo huo ipo ngome ya Waholanzi iliyojengwa katika karne ya kumi na tisa, ambayo vyumba vyake vimefunikwa kwa udongo hata mtu aliye mbali huona kilima tu chenye majani. Watoto wa shule huletwa hapo kutazama, na wazazi wao hukaa nje kivulini wakila samaki wa kukaanga.

Lakini kitu kilichoufanya mji huu uwe bandari si ngome wala reli. Ni kisiwa. Mbele ya mji kimelala kisiwa kirefu kiitwacho Nusa Kambangan, chenye misitu na magereza ambayo sifa yake imeenea Indonesia nzima. Pwani ya kusini ya Java hupigwa na mawimbi makubwa ya Bahari ya Hindi mwaka mzima, na ni vigumu kupata mahali pa kutia nanga. Hapo Cilacap, kisiwa hicho kimesimama kama ukuta mbele ya nyumba, na nyuma yake maji ni matulivu. Mlango wa kuingilia ni mwembamba, na nahodha asiyepajua mahali hapo humhitaji rubani wa bandari. Meli ikiisha kuupita mlango huo, imesalimika.

Nje ya kisiwa hicho ni bahari tupu. Mtu akielekeza chombo chake kusini sawasawa, haoni nchi tena mpaka barafu za mwisho wa dunia. Ndani ya maji hayo, kadiri ya maili 75 kutoka mlango wa bandari, ilipotea meli moja ya Kimarekani pamoja na ndege 32 za vita zilizokuwa juu yake. Ndege hizo hazikutunguliwa angani, wala hazikuanguka kwa ubovu wa injini. Zilikuwa shehena tu, kama magunia ya kahawa yalivyo shehena. Habari zake zastahili kusimuliwa, kwa sababu ndani yake mna somo juu ya msaada uliochelewa, na juu ya hesabu ambayo karani hawezi kuiandika yote katika hati ya mizigo.

NJIA YA ANGANI YAFUNGWA

Vita vya Wajapani vilipoanza mwezi wa Desemba 1941, Java ilikuwa kiini cha makoloni ya Waholanzi katika Mashariki. Visiwa hivyo vilikuwa na mafuta, mpira na bati, na ndivyo vitu ambavyo Japani ilivihitaji. Majeshi yake yaliteremka kisiwa baada ya kisiwa kwa upesi uliowashangaza wakubwa wa vita wa mataifa yote. Singapore ilianguka tarehe 15 Februari 1942. Kila aliyetazama ramani aliweza kuona kwamba zamu ya Java imewadia.

Waliokuwa Java walikuwa na askari, na walikuwa na manowari kadhaa, lakini walikosa ndege za kupigana. Marubani wachache wa Kimarekani walikuwa wakipigana kutoka kiwanja kilichofichwa kati ya mashamba, mahali paitwapo Ngoro, mashariki ya kisiwa. Kila siku idadi ya ndege zao ilipungua. Ndege hizo zilikuwa za aina ya P-40, zilizotengenezwa na kampuni ya Curtiss katika mji wa Buffalo, Marekani. Ni ndege ya injini moja na rubani mmoja, yenye bunduki sita za rashasha mabawani. Haikuwa na wepesi wa ndege za Wajapani ziitwazo Zero, lakini ilikuwa na nguvu, na rubani aliyeifahamu vema aliweza kupigana nayo akarudi salama.

Hapo mwanzo ndege hizo zilipelekwa Java kwa kurushwa kutoka Australia. Zilitoka mji wa Darwin, zikavuka bahari mpaka kisiwa cha Timor, zikatia mafuta, kisha zikaruka kutoka kisiwa hata kisiwa. Njia hiyo ilikuwa kama daraja la mawe mtoni: jiwe moja likiondolewa, mvukaji hana pa kuweka mguu. Tarehe 19 Februari Wajapani waliushambulia Darwin kwa mabomu. Siku hizo hizo wakateremsha askari Timor, na pia wakakitwaa kisiwa cha Bali, jirani ya Java upande wa mashariki. Daraja likavunjika. Tena, jambo baya zaidi, kiwanja cha ndege cha Bali kikawa mikononi mwa Wajapani, na ndege zao za kutupa mabomu zikaweza kufika bahari ya kusini ya Java bila taabu.

Basi ikabaki njia moja tu, nayo ni kuzipakia ndege melini kama bidhaa, na kuzivusha bahari kutoka Australia ya Magharibi. Kutoka bandari ya Fremantle mpaka Tjilatjap ni zaidi ya maili 1,500. Hakuna P-40 iliyoweza kuruka masafa hayo bila kutua.

MELI MBILI, NAMNA MBILI ZA KUPAKIA

Huko Fremantle ziliandaliwa meli mbili, na kila moja ilipakiwa kwa namna yake. Msomaji aliyepata kufanya kazi ya kusafirisha mizigo ataiona tofauti mara moja.

Ya kwanza iliitwa Sea Witch, nayo ilikuwa meli ya kawaida ya shehena. Ilichukua ndege 27 zilizofunguliwa na kutiwa ndani ya masanduku makubwa ya mbao. Ndege ikiwa sandukuni huchukua nafasi ndogo, nayo husalimika na chumvi, mvua na jua. Lakini ikifika haiwezi kuruka. Sharti wapatikane mafundi, na vyombo, na mahali palipo tulivu, na juu ya yote wapatikane siku kadhaa, ili iungwe tena bawa kwa bawa na waya kwa waya.

Ya pili iliitwa Langley. Hii ilichukua ndege 32 zilizokwisha kuungwa, zimesimama kwa magurudumu yake juu ya sitaha na mahali palipobaki wazi. Ndege hizo zilikuwa zimerushwa mpaka kiwanja cha Maylands karibu na Perth, kisha zikakokotwa barabarani hadi gatini. Zikifika Tjilatjap, kazi ingekuwa kuziteremsha tu, kuzikokota hadi mahali pa wazi, na kuzirusha. Pamoja nazo walipanda marubani 33 na mafundi 12. Lakini ndege iliyo wazi sitahani huonekana na adui aliye juu, tena ina mafuta na rangi na mipira, vitu vyote vipendavyo moto.

Kwa hiyo meli moja ilikuwa na mzigo uliokuwa salama lakini hauko tayari, na nyingine ilikuwa na mzigo uliokuwa tayari lakini hauko salama. Hapakuwa na namna ya tatu.

Meli ya Langley yenyewe ilikuwa na historia ya ajabu. Iliteremshwa majini mwaka wa 1912 huko California kwa jina la Jupiter, nayo ilikuwa meli ya kuchukulia makaa ya mawe ya manowari. Baada ya Vita Kuu ya kwanza ilijengewa sitaha ndefu bapa juu yake, na mwezi wa Machi 1922 ikawa meli ya kwanza ya Marekani ya kubeba na kurusha ndege. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hiyo, ndege iliruka kutoka sitaha ya meli ya namna hiyo, na baada ya siku chache nyingine ikatua juu yake. Marubani wengi wa bahari wa Marekani walijifunza kazi yao pale. Mabaharia waliipenda, nao waliitania kwa kuiita gari la turubai, kwa jinsi sitaha yake ilivyoifunika kama paa.

Lakini umri haumngoji mtu wala chombo. Meli mpya zilipopatikana, Langley ilipewa kazi ya kuzihudumia ndege za majini, na sehemu ya mbele ya sitaha yake ikakatwa. Tangu hapo hakuna ndege iliyoweza kuruka kutoka juu yake. Hivyo meli iliyowafundisha Wamarekani kupigana kwa ndege baharini ilisafiri katika vita ikiwa imejaa ndege za kupigana, na hata moja kati ya hizo haikuweza kuinuka kuitetea. Mwendo wake nao ulikuwa wa kizee.

AMRI NA AMRI NYINGINE

Tarehe 22 Februari 1942 meli hizo ziliondoka Fremantle pamoja na msafara wa meli zilizokuwa zikienda Ceylon na Bara Hindi. Njiani amri ilifika kwamba Langley na Sea Witch ziuache msafara na kuelekea Tjilatjap. Mwenye haja kubwa ya ndege hizo alikuwa Admirali Helfrich, Mholanzi, aliyeongoza manowari za mataifa yaliyoshirikiana kuitetea Java. Haifai kumlaumu mtu huyo upesi. Nchi aliyoilinda ilikuwa karibu kushambuliwa, na kila jioni aliletewa habari za ndege zilizopotea. Mtu ambaye nyumba yake inaungua hapimi urefu wa kamba ya ndoo.

Langley ilitangulia, kwani Sea Witch iliachana na msafara baadaye. Maji ya kusini ya Java yalikuwa ya hatari, na busara ilitaka meli ipite sehemu ya mwisho usiku, ifike mlangoni asubuhi. Lakini tarehe 26 amri zilianza kugongana. Kwanza meli iliambiwa italindwa na chombo cha Waholanzi kilichotoka kuilaki, nacho kilikuwa kikienda polepole kwa sababu ya hitilafu. Kisha ikaambiwa italindwa na manowari mbili za Kimarekani, Whipple na Edsall. Nahodha McConnell alisonga mbele, akarudi nyuma kufuata amri, akageuka tena. Saa nyingi za giza zilipotea hivyo. Ilipopambazuka tarehe 27, meli ambayo ingekuwa inakaribia bandari ilikuwa bado mbali baharini, na haikutazamiwa kufika kabla ya jioni. Wazee husema kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Siku ile ngoja ngoja haikuumiza tumbo peke yake.

Yapata saa tatu asubuhi ndege moja isiyojulikana ilionekana juu sana. Kila baharia alijua maana yake. Nahodha aliomba kwa simu ya upepo apelekewe ndege za kumlinda, lakini hapakuwa na za kutosha kupelekwa. Msomaji na aone jinsi jambo hili lilivyojizungusha: ndege za kuilinda meli hazikuwapo Java kwa kuwa ndege za Java zilikuwa juu ya meli.

Saa tano na dakika arobaini walitokea. Walikuwa Wajapani, nao walitoka katika kiwanja cha Bali kilichotwaliwa majuma machache hayakupita. Ndege zao za kutupa mabomu ziliruka juu mno, hata mizinga ya meli haikuweza kuzifikia. Mara ya kwanza nahodha aligeuza usukani kwa wakati wake, na mabomu yakaanguka majini. Mara ya pili vile vile. Mara ya tatu Wajapani waliusoma mwendo wake, na mabomu matano yakapiga.

Ndege zilizokuwa sitahani zikashika moto. Usukani ukaharibika, maji yakaingia, meli ikaanza kuinamia ubavu wa kushoto. Mabaharia walizisukuma baharini baadhi ya ndege zile ili kuisawazisha meli. Walizitupa kwa mikono yao wenyewe ndege walizozivusha bahari nzima. Kazi hiyo ilifanyika katika moshi na miali ya moto, na wengine waliokuwa wakiifanya hawakupata kufunzwa chochote juu ya ndege isipokuwa kuzifunga kamba.

Nahodha alitumaini kuifikisha bandarini hata hivyo. Lakini meli iliyojaa maji huzama kina, na ule mlango mwembamba wa Tjilatjap, ambao ndio ulinzi wa bandari, haungeweza kuipitisha. Kisha chumba cha injini kikafurika, meli ikasimama. Kiasi cha saa saba na nusu mchana amri ya kuiacha ilitolewa. Watu 16 walikuwa wamekufa. Waliosalia, ambao ni mamia, waliokolewa na Whipple na Edsall. Ndipo manowari hizo zikaipiga Langley kwa mizinga na kwa topido mbili, ili isije ikaangukia mikononi mwa adui.

MASANDUKU YAFIKA

Je, Sea Witch ilipatwa na nini? Jambo la kushangaza ni kwamba yenyewe ilifika salama. Tarehe 28 Februari iliupita mlango wa Tjilatjap na kuteremsha masanduku yake 27 gatini.

Msemo wa Waswahili ni mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni huyu alimkuta mwenyeji yu katika kukata roho. Siku moja kabla, ile ile ya kupotea kwa Langley, manowari za Waholanzi, Waingereza, Waaustralia na Wamarekani zilikuwa zimeshindwa vibaya katika Bahari ya Java, upande wa pili wa kisiwa, na Admirali Doorman aliyeziongoza alikufa pamoja na meli yake. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi askari wa Japani waliteremka Java. Asubuhi yake ndege za mwisho za Wamarekani kule Ngoro ziliharibiwa zikiwa chini.

Wakati huo Tjilatjap ilikuwa imekuwa mlango wa kutokea wala si wa kuingilia. Watu walimiminika kutoka miji ya bara kwa reli na kwa magari, wanajeshi na raia, wanawake na watoto, wakitafuta nafasi katika meli yoyote iendayo Australia au Ceylon. Katikati ya fujo hiyo yalikuwapo masanduku yenye ndege, na hapakuwa na siku za kuziunga. Hakuna hata moja iliyopata kupigana kuitetea Java. Tarehe 5 Machi bandari ilishambuliwa kwa mabomu. Kabla ya katikati ya mwezi Waholanzi walikuwa wamekwisha kusalimu amri.

Hivyo zile namna mbili za kupakia zilifikia mwisho mmoja. Mzigo ulio tayari haukufika, na mzigo uliofika haukuwa tayari. Jumla yake ni ndege 59.

HESABU ISIYOANDIKWA

Lau habari ingekoma hapo, ingekuwa habari ya hasara ya mali tu, na mali hutafutwa. Kiwanda cha Curtiss kilitengeneza P-40 zipatazo 13,700 kabla ya kuacha kazi hiyo mwaka wa 1944. Ndege 59 katika hizo ni kama vibaba vichache katika ghala. Lakini kulikuwa na marubani 33, na kiwanda cha marubani hakiko Buffalo wala popote.

Karibu wote walikuwa wametoka salama katika Langley. Manowari zilizowaokoa zilikwenda Kisiwa cha Krismasi, kilichoko kusini-magharibi ya Java, kukutana na meli ya mafuta iitwayo Pecos ili kuipa watu hao iwapeleke Australia. Ndege za Wajapani zilikuja hapo pia, ikabidi wakimbilie kusini zaidi, na watu wakahamishwa mapema tarehe 1 Machi. Lakini marubani hawakuhamishwa pamoja na wengine. Waliwekwa ndani ya Edsall, kwa amri kwamba warudishwe Tjilatjap. Masanduku yamefika, na ndege zile zitahitaji watu wa kuzirusha! Watu walipokuwa wakipigania nafasi ya kutoka Java, vijana hao walikuwa wakirudishwa huko, kwa ajili ya ndege zisizo na mabawa.

Mchana wa siku hiyo Pecos ilishambuliwa na ndege kutoka manowari kubwa za Japani, ikazama pamoja na wengi waliokuwa wameokolewa siku mbili tu zilizopita. Usiku Whipple ilifika na kuanza kuwaokota watu majini. Ilipokwisha kuwatoa kiasi cha 230, vyombo vyake vya kusikilizia vilitambua sauti iliyodhaniwa kuwa ya nyambizi. Manowari iliyosimama ni windo la nyambizi, na zaidi ya watu 200 waliookolewa walikuwa juu yake. Nahodha aliamuru iondoke. Mamia waliachwa wakielea gizani, wakiisikia injini ikienda mbali. Hakuna mtu aliyeketi nchi kavu awezaye kuihukumu amri hiyo, na bila shaka hakuna aliyeitoa au kuitii ambaye aliisahau.

Edsall nayo ilikutana jioni ya siku hiyo hiyo na manowari kubwa za Japani, mbili kati yake zikiwa za daraja ya kwanza, pamoja na kruza mbili. Meli hiyo ndogo ilijificha katika moshi wake, ikapinda huku na huku, na ingawa ilifyatuliwa makombora zaidi ya elfu moja, kwa muda mrefu haikupigwa sawasawa. Mwishowe ndege ziliitwa, na mabomu yao yakaisimamisha. Wachache mno waliokotwa na adui, wala hakuna aliyeishi kuona mwisho wa vita. Marubani 31 kati ya wale 33 walipotea hapo.

Kwa zaidi ya miaka 80 hapakuwa na aliyejua ilipolala Edsall. Mwaka wa 2023 meli ya Jeshi la Maji la Australia iliigundua chini ya bahari, mashariki ya Kisiwa cha Krismasi, katika kina cha zaidi ya mita 5,000, na habari hiyo ilitangazwa mwezi wa Novemba 2024. Meli imekaa wima juu ya sakafu ya bahari. Hakuna nia ya kuigusa, kwani ni kaburi.

BAHARI ILE ILE

Mtu wa Afrika ya Mashariki asidhani kwamba maji hayo ni ya wageni. Ni maji yale yale yafikayo Mombasa. Baada ya kuanguka kwa Java, manowari za Japani ziliingia Bahari ya Hindi, na mwezi wa Aprili 1942 ziliishambulia Ceylon. Manowari za Waingereza zikalazimika kuhamia Kilindini, na watu wa Mombasa waliona bandari yao ikijaa vyombo ambavyo hawakupata kuviona. Baadaye vijana wa nchi hizi walipanda meli katika bandari hiyo hiyo kwenda Ceylon na Burma.

Si wote waliofika. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini ikielekea Colombo, ilipigwa topido na nyambizi ya Japani karibu na visiwa vya Maldives, ikazama kabla ya dakika tatu kupita. Walikufa watu zaidi ya 1,200, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki, wana wa wakulima na wafugaji, ambao baadhi yao hawakuwa wameiona bahari kabla ya juma lile. Majina ya waliopotea namna hiyo yameandikwa Nairobi, katika makaburi ya vita yaliyoko barabara ya Ngong. Apitaye hapo na asome machache.

UFUONI

Huko Cilacap, katika mwezi ambao Wajava huuita Sura, wavuvi huitengenezea bahari sadaka. Hubeba vyakula na maua katika vyombo vilivyopambwa, huandamana mjini kwa ngoma na mavazi mema, kisha huvipakia katika ngalawa na kuvipeleka kwenye maji marefu. Wenyewe husema ni shukrani kwa samaki waliopatikana, na dua ili wanaokwenda warudi. Wengi katika vijana waongozao ngalawa hizo hawajui habari za Langley, wala hakuna sababu kubwa ya wao kuzijua. Meli ile haikupata kufika kwao.

Karani aandikaye hati ya shehena huandika idadi ya masanduku, uzito wake na alama zake, kisha hutia sahihi. Hati za Fremantle zilisema kweli: ndege 32 katika meli moja, ndege 27 katika nyingine. Lakini kuna mambo mawili ambayo hati haina mahali pa kuyaandika. La kwanza ni wakati, kwani mzigo uliochelewa si mzigo ule ule uliotakiwa, hata ukifika bila mkwaruzo. Mbegu ziletwazo baada ya mvua kukatika ni chakula cha kuku tu. La pili ni watu wafuatanao na mzigo. Ndege zilihesabiwa kabla ya safari. Watu walihesabiwa baadaye.

Jioni jua linaposhuka nyuma ya Nusa Kambangan, ngalawa za mwisho huingia kupitia ule mlango mwembamba, moja baada ya moja. Wanawake husimama mchangani na vikapu vyao, wakihesabu.